Kwa nini kura haimalizi ubishi wa wanawake kuwa makasisi

Mjadala wa kuwaweka wanawake katika ukasisi huonekana kama swali la ndiyo au hapana. Ukiuingia kwa mlango huo utatoka na kichwa kinauma, kwa sababu watu wawili wanaosema "hawezi" mara nyingi hawakubaliani hata juu ya kile hasa asichoweza. Mmoja hana shida mwanamke akihubiri kila Jumapili, ila hatapokea Ekaristi aliyoiadhimisha yeye. Mwenzake atapokea ushirika bila wasiwasi, lakini hataki mwanamke awe mkuu wa parokia na mwalimu wa wanaume. Wakikaa pamoja siku ya kura wanahesabiwa upande mmoja. Kesho yake kila mmoja anadai dawa tofauti.

Makala hii inakaa kwa Waanglikana. Wana daraja tatu za utumishi kama Wakatoliki na Waorthodoksi, na wana sinodi zinazopiga kura kama Waprotestanti wengi, kwa hiyo karibu kila fundo la mjadala huu limepita mikononi mwao. Kumbukumbu zao nazo ziko wazi hadi idadi ya kura.

Daraja tatu, uzito usiolingana

Mtu haingii ukasisini kwa mkupuo mmoja. Huanza na ushemasi: shemasi husoma Injili, huhubiri, hubatiza, huzika, hupeleka ushirika kwa wagonjwa. Asichoruhusiwa ni kuadhimisha Ekaristi, kutangaza ondoleo la dhambi na kutoa baraka kwa jina la kanisa. Hayo huja na daraja la pili, ukasisi. Askofu anabaki na mambo mawili ambayo kasisi hana: kutoa kipaimara, na kuwawekea mikono makasisi na mashemasi wapya.

Ndiyo maana Kanisa la Uingereza lilikwenda hatua kwa hatua. Sinodi Kuu ilitamka mwaka 1975 kwamba haioni kizuizi cha msingi. Wanawake wa kwanza wakawa mashemasi 1987, makasisi 32 wa kwanza wakawekewa mikono katika Kanisa Kuu la Bristol Machi 12, 1994, na askofu wa kwanza, Libby Lane, akawekwa wakfu York Januari 26, 2015. Miaka 40 kutoka "hakuna kizuizi" hadi askofu! Wengi husema huo ulikuwa uzembe au woga. Upo ukweli fulani hapo, lakini sababu kubwa ni kwamba hatua ya mwisho ni nzito kuliko mbili za mwanzo zikiwekwa pamoja.

Mwanamke akiwa kasisi, anayemtilia shaka anaweza kwenda kusali parokia ya jirani na mambo yakaisha hapo. Akiwa askofu, shaka inashuka na mikono yake. Kijana wa kiume aliyewekewa mikono naye atatiliwa shaka ileile, na Ekaristi atakayoiadhimisha miaka 30 ijayo itaulizwa maswali, hata kama waumini hawajui ni nani aliyempa daraja. Mnyororo huu wa mikono, askofu kwa askofu, ni wa zamani: Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, ulitaka askofu mpya awekwe wakfu na maaskofu wasiopungua watatu. Asiyeelewa suala la mnyororo hawezi kuelewa kwa nini watu walioishi na makasisi wanawake kwa miaka 20 walisimama kidete walipofika kwenye uaskofu.

Wapo pia wanaosimama kwenye ngazi ya kwanza. Dayosisi ya Kianglikana ya Sydney, Australia, huwapa wanawake ushemasi tangu 1989 na haiwapi ukasisi. Kwa Waorthodoksi, mwanamke aliwekewa mikono kuwa shemasi huko Harare, Zimbabwe, Mei 2024, chini ya Upatriarki wa Aleksandria, na Waorthodoksi hawawapi wanawake upadre. Hata zamani jambo hili lilikuwepo: kanuni ya 15 ya Mtaguso wa Kalkedonia, mwaka 451, inakataza kumweka mwanamke kuwa shemasi kabla ya umri wa miaka 40. Ubishi uliobaki ni kama daraja lile lilikuwa sawa na la mashemasi wanaume au ni utumishi wa namna yake.

Wanaokataa ni makundi mawili

Kundi la kwanza ni la mrengo wa Kikatoliki ndani ya Uanglikana. Kwao swali ni uhakika wa sakramenti: je, mkate huu umewekwa wakfu kweli? Hoja yao haiegemei sana mstari mmoja wa Biblia. Wanasema Kristo alichagua wanaume kumi na wawili, kanisa zima la Mashariki na Magharibi likafuata hivyo karne baada ya karne, na tawi moja halina mamlaka ya kubadili peke yake kile ambacho ni mali ya wote. Roma inasema jambo linalofanana na hilo, tena kwa mkazo zaidi. Kanuni ya 1024 ya Sheria ya Kanisa Katoliki inatamka kwamba ni mwanamume aliyebatizwa tu anayepokea daraja kihalali, na waraka wa Yohane Paulo II wa Mei 22, 1994 unasema Kanisa halina kabisa mamlaka ya kuwapa wanawake upadre. Angalia jinsi lilivyosemwa: halina mamlaka. Ukimjibu mtu wa kundi hili kwamba wanawake wana uwezo, elimu na wito, umejibu swali ambalo hakuuliza.

Jibu linalomgusa ni lingine. Wale kumi na wawili walikuwa wanaume, ndiyo, lakini pia wote walikuwa Wayahudi, na hakuna aliyewahi kudai kwamba mapadri lazima wawe Wayahudi. Yeye atarudisha kwamba kumi na wawili ni ishara ya makabila ya Israeli, na kwamba padri altareni anasimama kwa nafsi ya Kristo aliyekuwa mwanamume. Mwenzake atasema alichotwaa Kristo ni ubinadamu wetu, la sivyo wanawake wangebaki nje ya wokovu. Huko mjadala unakuwa wa Kristolojia, yaani fundisho kuhusu Kristo mwenyewe, na ni mzuri kuliko ule unaosikika kwenye mikutano mingi.

Kundi la pili ni Waanglikana wa mrengo wa kiinjili wanaoshikilia fundisho la ukichwa: mwanamume ni kichwa katika nyumba na katika kanisa. Kwao sakramenti si tatizo. Tatizo ni nani anafundisha kwa mamlaka na nani anaongoza. Mara nyingi hawa humkubali mwanamke shemasi, au mwanamke anayefundisha wanawake na watoto, au hata kasisi msaidizi chini ya mwanamume. Sydney ni mfano wao.

Mistari inayovutwa pande zote

Nguzo ya kundi la pili ni 1 Timotheo 2:12: "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha, wala kumtawala mwanamume, bali awe katika utulivu." Nguvu ya mstari huu iko katika unaofuata, maana Paulo anarudi hadi kwa Adamu na Hawa. Kama sababu ni uumbaji, haiwezi kuwa agizo la Efeso pekee. Hii ndiyo hoja yao bora, na anayetaka kuijibu asianze kwa kusema "ni utamaduni wa zamani" akadhani amemaliza.

Wanaoitikia kwa umakini huenda polepole zaidi. Kwanza, mstari wa 9 wa sura hiyohiyo unakataza kusuka nywele, dhahabu na lulu, na wengi wanaoshika mstari wa 12 kwa nguvu huusoma ule wa 9 kama jambo la mahali na wakati. Pili, kitenzi cha Kiyunani kilichotafsiriwa "kumtawala" kinatokea mara moja tu katika Agano Jipya lote, hivyo ni vigumu kuapa kwamba kinasema uongozi wa kawaida na si kunyakua mamlaka. Tatu, Paulo huyohuyo katika 1 Wakorintho 11:5 anaeleza jinsi mwanamke atakavyojifunika anaposali au kuhutubu mbele ya kusanyiko, kisha sura ya 14:34 inasema wanyamaze. Mistari hiyo ya 34 na 35 baadhi ya nakala za kale zinaiweka baada ya mstari wa 40, na ndiyo sababu wapo wataalamu wanaodhani iliingizwa baadaye. Si wote wanaokubali.

Upande unaounga mkono nao una tabia ya kubebesha mistari mizigo isiyoiweza. Wagalatia 3:28, "hapana mtu mume wala mtu mke", inahusu ubatizo. Ni msingi, lakini haitaji ofisi yoyote. Fibi wa Warumi 16:1 ni mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na Yunia wa mstari wa 7 anatajwa pamoja na mitume. Wanathibitisha kwamba wanawake walikuwa na nafasi kubwa kuliko ilivyozoeleka kusemwa. Hawathibitishi kwamba waliadhimisha Ekaristi, kwa sababu Agano Jipya halielezi ni nani, wa kiume au wa kike, aliyekuwa na kazi ya kuadhimisha ibada hiyo makanisani. Ofisi tunazobishania zilipata umbo lake baadaye.

Dharura ya Macau, kura ya Limuru

Kasisi mwanamke wa kwanza wa Kianglikana hakutokana na sinodi. Florence Li Tim-Oi alikuwa shemasi akihudumia Macau. Wajapani walipoiteka Hong Kong Desemba 1941, makasisi hawakuweza tena kuvuka kwenda kwa waumini hao. Akaruhusiwa kuadhimisha Ekaristi angali shemasi, jambo ambalo kwa kanuni za Kianglikana ni kasoro kubwa kuliko mwanamke kuwa kasisi, au angalau ndivyo Askofu Ronald Hall wa Hong Kong alivyoliona. Akaamua kuirekebisha: Januari 25, 1944, katika sehemu ya China ambayo Wajapani hawakuwa wameishika, alimwekea mikono kuwa kasisi. Vita vilipoisha shinikizo likaja kutoka kila upande, na mwaka 1946 Li Tim-Oi akarudisha leseni yake ya kuhudumu. Ukasisi wenyewe hakuurudisha. Daraja halifutiki kwa leseni kuondolewa.

Hong Kong ilirudi na ombi rasmi, na likajadiliwa Limuru, Kenya, mwaka 1971, katika kikao cha kwanza cha Baraza la Ushauri la Kianglikana. Kwa kura 24 dhidi ya 22, baraza lilimjibu askofu wa Hong Kong kwamba akiwaweka wanawake kwa idhini ya sinodi yake, hatua hiyo itakubalika kwa baraza. Mwisho wa mwaka huo wanawake wawili wakawekewa mikono. Kura mbili tu za tofauti, tena katika chombo ambacho jina lake lenyewe ni la ushauri na hakiwezi kumlazimisha mtu. Mpaka leo hakuna chombo cha Waanglikana wote chenye mamlaka ya kutamka ndiyo au hapana kwa wote. Kila jimbo, yaani kanisa la nchi au eneo, huamua. Uganda ina makasisi wanawake tangu 1983, Nigeria haina, Eswatini ilimpata Ellinah Wamukoya, askofu mwanamke wa kwanza wa Kianglikana barani Afrika, mwaka 2012, Kenya ilipata wawili mwaka 2021, Emily Onyango askofu msaidizi wa Bondo na Rose Okeno askofu wa Butere.

Marekani ilipita njia ya mkato. Wanawake kumi na mmoja waliwekewa mikono Philadelphia Julai 29, 1974 kabla ya sheria kuruhusu, na mkutano mkuu wa kanisa ukaruhusu mwaka 1976. Ndipo pia alipopatikana askofu mwanamke wa kwanza katika Uanglikana wote, Barbara Harris, Februari 1989.

Hesabu za theluthi mbili

Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza ina nyumba tatu: ya Maaskofu, ya Makasisi na ya Walei. Kwa jambo la uzito huu kila nyumba hupiga kura peke yake, na kila moja lazima ifike theluthi mbili. Moja ikianguka, zote zimeanguka. Likipita, bado linakwenda Bungeni, kwa sababu sheria za kanisa hilo ni sheria za nchi.

Novemba 11, 1992, ukasisi ulipopigiwa kura, Maaskofu walikuwa 39 kwa 13, Makasisi 176 kwa 74, Walei 169 kwa 82. Piga hesabu ya Walei: kura 251, theluthi mbili ni 168. Ilipita kwa kura moja juu ya kiwango. Watu wawili tu wangehamia upande wa pili, mambo yangekwama.

Miaka 20 baadaye ndivyo ilivyokuwa. Novemba 20, 2012, pendekezo la maaskofu wanawake lilipata Maaskofu 44 kwa 3, Makasisi 148 kwa 45, Walei 132 kwa 74. Walei walihitaji 138, zilipungua sita. Ukijumlisha nyumba zote, waliokubali walikuwa 324 na waliokataa 122, yaani karibu asilimia 73. Na kabla ya hapo dayosisi 42 kati ya 44 zilikuwa zimekubali. Imekuwaje walei wakazuia, wakati watu wa parokiani wanaonekana kuwa mbele kuliko viongozi? Sababu moja ni namna wanavyochaguliwa. Muumini wa kawaida hawapigii kura wajumbe hao. Huchaguliwa na wajumbe wa sinodi ndogo za eneo, kundi dogo ambalo makundi yaliyojipanga vizuri yanaweza kulifikia.

Sababu ya pili haisemwi sana. Baadhi ya waliosema hapana walikuwa wanataka maaskofu wanawake. Walichokataa ni utaratibu wa kuwalinda wachache wanaopinga, waliouona hautoshi. Mei ya mwaka huohuo maaskofu walikuwa wamejaribu kuongeza nguvu katika kifungu cha ulinzi huo, makasisi wanawake wakakasirika kwamba sheria inawafanya maaskofu wa daraja la chini, na kikao cha Julai kikaahirishwa. Ukikaza kamba upande mmoja, upande wa pili unalegea. Ndivyo inavyokuwa ulinzi wa wachache unapoandikwa ndani ya sheria yenyewe: kila neno linakuwa uwanja wa vita.

Iliyofuata ni sehemu ninayoiona ya thamani kuliko zote kwa sinodi yoyote inayojiandaa kupiga kura. Iliundwa kamati iliyochanganya wapinzani na waungaji mkono, na muswada ukafupishwa ukabaki kusema tu kwamba wanawake wanaweza kuwa maaskofu. Ulinzi ukahamishiwa kwenye Tamko la Nyumba ya Maaskofu, lenye kanuni tano na mchunguzi huru wa malalamiko. Kura ikarudiwa Julai 14, 2014, na Walei wakawa 152 kwa 45. Uchaguzi mkuu wa wajumbe ulikuwa 2010 na uliofuata ni 2015. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa watu walikuwa walewale.

Siku ya pili yake

Baada ya 1992 wapinzani walipewa maaskofu maalumu wa kuwazungukia, waliopachikwa jina la maaskofu warukao, na zaidi ya makasisi 400 waliacha kazi wakachukua fidia iliyowekwa kisheria. Mwaka 2011 maaskofu watatu wa mrengo wa Kikatoliki walihamia Roma kupitia mpango wa Papa Benedikto XVI, wakapewa upadre wa Kikatoliki.

Utaratibu wa sasa unaanzia parokiani. Baraza la parokia linalotaka askofu na makasisi wanaume peke yao linapitisha azimio. Wajumbe wapewe taarifa ya wiki nne. Azimio lipite kwa wingi wa kura katika kikao chenye theluthi mbili ya wajumbe, au likubaliwe na zaidi ya nusu ya wajumbe wote wa baraza. Kisha barua inakwenda kwa askofu wa dayosisi, ambaye anabaki na mamlaka yake yote na anamkabidhi askofu mwingine baadhi ya kazi. Hapo ndipo yale makundi mawili yanarudi kusumbua: parokia ya mrengo wa Kikatoliki inamtaka askofu ambaye hajawahi kumwekea mikono mwanamke, wakati parokia ya mrengo wa kiinjili inataka askofu anayeamini ukichwa, na mnyororo wa mikono hauihusu. Ndiyo maana askofu anahitaji kujua msimamo wa kiteolojia ulio nyuma ya azimio. Kumpelekea mmoja askofu wa mwenzake ni kosa linalozua barua za malalamiko.

Hata ibada za kuweka wakfu zimebadilika. Siku ya Libby Lane, Askofu Mkuu wa York, John Sentamu, alipowauliza watu kama wanakubali, kasisi mmoja alipaza sauti kwamba hilo halimo katika Biblia. Sentamu akasoma tamko fupi la kisheria alilokuwa ameliandaa, akauliza tena, na kanisa zima likaitika. Wiki moja baadaye, kanisa lilelile, alisimamia ibada ya kumweka wakfu askofu Philip North, anayepinga ukasisi wa wanawake, na mikono waliiweka maaskofu watatu tu. Sentamu mwenyewe hakuiweka. Wengine waliona ni busara, wengine wakasema ni kukiri kwamba mikono iliyomgusa mwanamke imechafuka. Mimi naona yote mawili yana ukweli, na hakuna maelezo rasmi yaliyowahi kuufuta ule wa pili.

Sarah Mullally alipotajwa Oktoba 3, 2025 kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho, Gafcon, umoja wa Waanglikana wahafidhina, ulipinga, na ni rahisi kudhani kwamba Afrika imemkataa mwanamke. Lakini ndani ya Gafcon wamo Waganda wenye makasisi wanawake na Wakenya wenye maaskofu wanawake. Pingamizi la umoja huo lilikuwa na mambo mawili: uaskofu wa mwanamke, na msimamo wake kuhusu ndoa na kuwabariki wapenzi wa jinsia moja. Anayetaka kujua jimbo fulani linasimama wapi hana budi kuuliza kila swali peke yake, na kwa lile la kwanza aulize pia ni kwa daraja lipi.